Amana na Mahali Inapokaa

Kompyuta haijali faili za hifadhidata zinakaa wapi. Mtengeneza programu wa Newala, kusini mwa Tanzania, akizitoa kwenye folda ya kazi yake na kuzipeleka diski nyingine, hurekebisha mstari mmoja wa mipangilio, na kila swali hujibiwa vilevile. Kwa mashine, mahali ni anwani tu. Kwa watu ambao habari zao zimo humo, jambo hili lina mjadala.

Mfano wa zamani ni huu: mwaka 1906, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Masasi na kukaa Newala akiwa na fonografu. Watu waliimbia pembe ya mashine, sauti zikachorwa kwenye silinda za nta, zikasafirishwa Ujerumani. Nta hulika kila inapochezwa. Kwa hiyo mafundi wa jumba la kumbukumbu za sauti la Berlin walizoea kuipaka silinda shaba ili wapate kalibu ya kutolea nakala, na nta ya asili ikaharibika katika kazi hiyohiyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, sehemu kubwa ya hazina ya jumba hilo ilichukuliwa hadi Leningrad, ikaja kurudishwa Berlin baadaye. Wimbo unaweza kupoteza nta yake na kuhama nchi, ukabaki uleule. Hapo mashine ina hoja.

Lakini fikihi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa kusini, hulitazama jambo kwa upande wa mwenye mali. Akiainisha mahali pa kuweka amana, mtunzaji anaweza kuihamishia palipo salama sawa au zaidi. Akiipeleka palipo duni ikapotea, atailipa. Kanuni hii inachukulia kwamba mwenyewe alikabidhi kwa hiari, sharti gumu kulithibitisha katika koloni la Wajerumani lililokuwa bado linatoka kwenye vita vya Majimaji.

Tena usalama si kufuli peke yake. Nyimbo za unyago zina wasikilizaji wake. Kuzitandaza kwenye intaneti huzikinga zisipotee, na papo hapo huzitoa katika hifadhi yake. Vivyo hivyo kwa anayenakili majina ya wakulima wa korosho na malipo yao kutoka seva ya chama cha msingi cha ushirika, akayaweka kwenye kompyuta yake ya mkononi ili ajaribu programu. Programu haitaona tofauti. Mkulima alikabidhi habari zake kwa chama, na kompyuta ile inashinda mezani bila nywila, watoto wakiichezea.