Udhuru wa mlemavu si mali ya mwajiri

Katika ofisi zetu upo ubaguzi unaovaa kanzu ya huruma. Orodha ya watumishi wa kupelekwa masomoni inapopangwa, jina la mlemavu huachwa, na anayeliacha hana chuki naye hata kidogo. Husema: "Huyu tusimsumbue. Safari ya Mwanza ni ndefu, na chuoni kuna ngazi nyingi." Nimeyasikia maneno ya namna hii Musoma na Bunda, tena kutoka kwa watu wema. Je, huruma ambayo mwenyewe hakuiomba haiwezi kuwa dhulma?

Tutazame anachopoteza. Asiyekwenda masomoni hapati cheti. Asiye na cheti hupandishwa daraja kwa shida. Mshahara wake hausogei, na pensheni hukokotolewa kutokana na mshahara. Jina lililofutwa leo kwa huruma humfuata mtu hadi uzeeni.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na katazo hilo linagusa mafunzo pia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ikamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi awe na walemavu wasiopungua asilimia 3. Lakini kuajiriwa bila kuendelezwa ni sawa na kukaribishwa sebuleni ukanyimwa chakula. Shule ya Msingi Mwisenge mjini Musoma, aliyosoma Mwalimu Nyerere wa Butiama miaka ya 1930, imepokea pia watoto wasioona. Tunamsomesha mtoto, kisha akiwa mtumishi tunamfungia mlango?

Sisi Waislamu tunayo Surat Abasa. Abdullah bin Umm Maktum, asiyeona, hakumwendea Mtume (s.a.w.) kuomba sadaka. Aliifuata elimu. Mtume alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kiquraish, akitaraji kusilimu kwao. Allah akamzindua kwamba aliyekuja kwa bidii kutafuta elimu ndiye wa kusikilizwa. Hesabu ya nani ana faida zaidi ikakataliwa.

Sahaba huyo huyo aliondolewa lawama ya kutokwenda vitani. Hata hivyo, inapokewa kwamba baadaye alikwenda Qadisiya akiwa ameshika bendera. Udhuru ulikuwa wake, autumie au auache. Hakuna aliyeruhusiwa kuutumia kwa niaba yake ili kumnyima kheri.

Wapo watakaosema fungu la mafunzo ni dogo. Ni kweli, nalo ligawanywe kwa vigezo vya kazi, na mlemavu akikosa, akose kwa kigezo kile kile kinachomkosesha mwenzake. Asiondolewe kabla ya kushindanishwa.

Basi wewe uliyepewa amana ya kupanga orodha, kabla hujapitisha kalamu juu ya jina la mtu, mwite umuulize: "Ndugu yangu, unataka kwenda? Unahitaji nini ili uweze?" Akisema hawezi, huo ni udhuru wake. Ukisema wewe, umemdhulumu.