Mlangamia na Tawi: Je, Kutegemea Wengine ni Dhambi?



Kuna jambo linawasumbua vijana wengi, Laela na kwingineko Ufipa. Umemaliza chuo, ajira hakuna, umerudi nyumbani. Unakula ugali wa mama, na hela ya vocha unamwomba kaka aliyeko Sumbawanga mjini. Siku moja unasikia mtu anasema, "Huyu naye ni kupe tu." Inauma. Je, ni kweli kwamba anayeishi kwa jasho la mwenzake ni kupe? Tuiulize mimea kwanza.

Kuna mmea unaitwa mlangamia. Ni nyuzi tupu, za njano au rangi ya chungwa, zinazojisokota juu ya miti na mazao. Majani hauna, na mzizi wake haudumu. Mbegu ikishaota, ina siku chache tu za kupata mmea wa kushika, la sivyo inakufa. Na unatafuta kwa harufu! Mwaka 2006 watafiti wa Pennsylvania State University, Marekani, walionyesha kwamba mche wa mlangamia huelekea kule inakotoka harufu ya mnyanya. Ukishashika, unaingiza vimirija ndani ya shina na kufyonza maji na chakula. Kisha sehemu yake ya chini inakauka. Kuanzia hapo haugusi tena udongo. Afrika Mashariki tunao: aina moja imepewa jina la Kilimanjaro, na nchini Kenya aina nyingine iliyotoka Asia imefunika miti na nyua za watu.

Hapo utasema: basi, jibu ni rahisi, kutegemea ni unyonyaji. Hata wazee wetu, baada ya Azimio la Arusha la 1967, walizungumza sana juu ya kukata mirija. Lakini subiri. Ng'oa mche wa maharage, angalia mizizi yake. Utaona vivimbe vidogo vidogo. Humo wanaishi bakteria, nao wanakula sukari ya maharage, hawana shamba lao. Ila wanachukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Wafipa tangu zamani wanafukia nyasi kwenye vilima vidogo vya udongo, ntumba, na kupanda maharage juu yake. Msimu unaofuata wanavitawanya na kupanda ulezi au mahindi. Zao la pili linakula kilichoachwa na la kwanza.

Kwa hiyo maharage yanaweza kuwa na wageni wa aina mbili, na wote wanakula kwake. Tofauti yao si kula.

Sasa fikiria mzabibu na matawi, katika Yohane sura ya 15. Tawi likitengwa linakauka, sawasawa na mlangamia. Nalo halijitegemei hata kidogo. Lakini utomvu unaoingia kwenye tawi unatoka ukiwa zabibu, tunda la mzabibu wenyewe. Unaoingia kwenye mlangamia unatoka ukiwa mbegu za mlangamia, zinazoweza kukaa ardhini miaka mingi zikisubiri. Kwa hiyo swali si "unakula kwa nani?" Swali ni: kinachoingia kwako kinatoka kikiwa nini, na kwa faida ya nani?

Mtakatifu Paulo alipowaandikia Wathesalonike, alimkemea asiyetaka kufanya kazi. Hakumkemea aliyeikosa. Wala bibi mgonjwa au mtu asiyeweza kushika jembe si mlangamia. Hao hatuwapimi kwa debe la mahindi. Tena mlangamia wenyewe hauna kosa, umeumbwa hivyo. Sisi hatukuumbwa hivyo. Mtu anauacha mzizi wake ukauke polepole: leo nimesaidiwa, kesho sijaribu tena, keshokutwa nanuna chakula kikichelewa. Kijana asiye na ajira lakini anapalilia na baba yake, anawafundisha wadogo zake hesabu, huyo mzizi wake bado uko ardhini.

Na wewe unayenyonywa je? Labda una rafiki au mchumba ambaye kila wiki ni "nitumie". Mkulima anajua kwamba ukibakiza kipande cha uzi kwenye shina, mlangamia unarudi. Inabidi ukate, hata tawi lako mwenyewe. Lakini mtu si gugu. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mfukuze. Kumpa mtu jembe ni kumrudishia mzizi wake, na huo nao ni upendo, japo atakasirika.

Leo usiku, unapochunguza dhamiri kabla ya kulala, jiulize: nimepokea nini leo, na kimetoka kwangu kikiwa nini? Halafu kesho asubuhi, kabla mama hajakuita, uwe umeshatangulia shambani.