Wimbo Uwe na Pa Kukaa

Wajukuu zangu, msitarajie niwaambie mzitupe simu zenu. Simu imeniletea udi wa Zein l'Abdin usiku wa manane bila mimi kuinuka kitandani kutafuta kanda gizani, na kwa hilo naishukuru. Mkisikia mzee mwenzangu anaapa kwamba zamani muziki ulisikika vizuri zaidi, mwulizeni ni kanda gani hiyo aliyokuwa akisikiliza. Nyingi tulizokuwa nazo zilikopiwa kutoka kanda iliyokopiwa kwingine, mvumo umejaa, sauti imezama, na tulizipenda hivyo hivyo.

Ninalotaka kuwaambia si habari ya ubora wa sauti. Wimbo unaoupenda kwa dhati uwe nao nyumbani kwako, kwenye kitu unachoweza kukishika, kilichoandikwa ni wa nani. Mengine yote sikilizeni mtandaoni mpaka mchoke.

Wala msidhani chombo cha zamani kilikuwa na huruma kwa muziki. Kila chombo kina kisu chake. Mwimbaji Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi na kampuni ya HMV, santuri za wakati ule zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba dakika tatu na kidogo. Taarab yetu mnaijua: ukumbini wimbo unaweza kwenda robo saa, mwimbaji anarudia ubeti kwa sababu mtu amesimama kumtuza. Mbele ya mashine ya santuri hakuna kurudia. Beti zinapunguzwa, au wimbo unakatwa katikati na msikilizaji anainuka kugeuza upande wa pili. Na santuri yenyewe ilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa Bara Hindi. Ikianguka sakafuni, basi tena.

Kanda ndiyo iliyoipa taarab pumzi. Philips waliitoa mwaka 1963, na ilipoenea huku pwani tulipata dakika 30 kila upande, au 45 ukinunua ile ndefu. Mombasa hapa, Juma Bhalo akiimba harusini, kinasa sauti kiliwekwa mbele ya jukwaa kikachukua kila kitu: wimbo mzima, vigelegele, kelele za wanaotuza, hata kiti kinachoburutwa. Kanda zilinunuliwa madukani kama kwa Mbwana Radio Service, kisha zikasafiri kwenye mizigo ya jamaa hadi Lamu, hadi Unguja, hadi Ghuba. Mtu aliyeko Maskati alisikia harusi ya Mombasa kana kwamba amealikwa.

Sasa angalieni kisu cha mtandao. Spotify, iliyofika Kenya na Tanzania mwaka 2021, huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa ukishapita sekunde 30. Baada ya hapo, ukiendelea au ukiruka, hesabu ni ile ile. Mtunzi mwenye akili ataweka utamu wake wote mlangoni, na wengi wamefanya hivyo. Siwalaumu, nao wanataka kula. Lakini taarab haikutungwa kwa mtindo huo. Wimbo wa fumbo unaanza na ua, au ndege, au chombo kinachoyumba baharini, na msikilizaji anakaa akijiuliza anayesemwa ni nani. Pengine ni ubeti wa nne unaompa harufu ya jambo, na wa mwisho unaomfanya ageuke amtazame jirani yake. Nimesikia mabaraza yakibishana wiki nzima juu ya wimbo mmoja, kila mmoja ana jina la mlengwa wake. Mabishano hayo yalikuja kwa sababu kuruka wimbo kwenye kanda ni kazi: upeleke mbele, usimamishe, usikilize, urudishe, umepita. Uvivu wetu ulitufanya wasikilizaji wazuri. Nyinyi hamna msaada huo wa uvivu, kwa hiyo itabidi muamue wenyewe. Wimbo wa dakika 14 ukianza, wekeni simu kifudifudi.

Halafu jueni mnacholipia. Ada ya kila mwezi inanunua ruhusa ya kusikiliza, hainunui wimbo. Hata ule ulioupakua ndani ya programu unafungwa siku unapoacha kulipa, na mkataba kati ya kampuni na mwenye haki ukiisha, wimbo unatoweka na hakuna anayekuja kukuaga. Wako walioamini kwamba kilichopandishwa mtandaoni kimesalimika. Mwaka 2019 MySpace walikiri kwamba nyimbo zilizowekwa kwao katika miaka yao kumi na miwili ya kwanza zimepotea walipokuwa wakihamisha mitambo. Ni mamilioni ya nyimbo, nyingi za vijana waliokuwa hawana nakala nyingine.

Na hizi nyimbo zetu za zamani zilifikaje huko mtandaoni? Chukueni nyimbo za lebo ya Mzuri, iliyokuwa ya Assanand & Sons hapa Mombasa. Kampuni ya Ufaransa, Buda Musique, ilipotoa mfululizo wa Zanzibara, diski ya pili ilikuwa ya taarab ya Mombasa ya mwaka 1965 hadi 1975. Iliwezekana kwa sababu kuna mikono iliyozihifadhi hizo sauti miaka yote ambayo hakuna aliyeziulizia. Mtandao unasambaza kwa kasi ya ajabu kile ambacho mtu fulani alikataa kukitupa. Kilichotupwa hauna habari nacho.

Jambo jingine ni majina. Simu inawaambia "Juma Bhalo", inanyamaza. Haiwaambii kwamba mashairi mengi aliyoyaimba yalitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, mshairi mkubwa wa Mvita, wala nani alipiga tabla. Kusema kweli kanda zetu nazo mara nyingi ziliandikwa kwa kalamu tu, jina na tarehe, na wino umeshafifia. Ndiyo maana nasema muandike.

Na tusifiche aibu yetu: kanda hiyo hiyo niliyoisifu iliwanyima wanamuziki riziki. Tulikopi bila haya, na miaka ya themanini biashara ya santuri Kenya iliporomoka, kanda za wizi zikichangia sana. Kwa hiyo msimlaumu mtandao peke yake mkisikia kwamba tangu mwaka 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa kwa mwaka hauingizi hata senti kutoka Spotify, ingawa mimi naona ni dhuluma kwa muziki wenye wasikilizaji wachache. Mkikutana na mwimbaji anauza diski au flashi mlangoni mwa ukumbi, nunueni hapo hapo, msimwombe awatumie kwenye simu.

Sasa kazi. Makabatini mwa bibi zenu kuna kanda, na joto na unyevu wa pwani vinazila. Mkizitoa, kwanza vunjeni vile vijino viwili vya plastiki vilivyo juu, ili pasitokee wa kurekodi kitu kingine juu yake. Msiziweke karibu na spika, maana spika ina sumaku. Mkiona ukungu mweupe kwenye utepe, msiitie kwenye redio, mpelekeeni fundi. Iliyo safi ipelekeni mbele mpaka mwisho, muirudishe, polepole, kabla ya kuicheza. Nakilini kwenye kompyuta kwa faili kubwa lisilobanwa, kisha muweke nakala mbili katika nyumba mbili tofauti. Na kabla ya kubonyeza kitufe, mkalisheni bibi karibu, mumwulize harusi ilikuwa ya nani, mtaa gani, nani aliimba na nani alitunga, mrekodi majibu yake mwanzoni mwa faili hilo hilo. Akianza kubishana na dada yake juu ya mwaka, msimkatize.