Je, Miguu Yaweza Kununua Neema?

Martin Luther alipokuwa angali mtawa alitoka Ujerumani akaenda Roma kwa miguu. Huko alipanda kwa magoti ngazi ya vidato 28, akiiombea roho ya babu yake. Alipofika juu, shaka ilimwingia. Mwaka 1520 aliwaonya watu waendao Roma na kuwaacha wake na watoto wao katika taabu.

Basi, tusiende tena mahali popote? Sivyo. Mkristo wa Moshi akiondoka alfajiri peke yake, akapanda polepole mpaka aionapo vema theluji ya Kibo, hanunui neema, maana imekwisha kutolewa bure. Lakini mguu usipokuwa na haraka, moyo nao hutulia, na sikio hufunguka.

Wanafunzi wawili walipokwenda Emau, Bwana alifuatana nao njiani. Nao hawakukaa Emau: usiku ule ule waliwarudia ndugu zao Yerusalemu. Hicho ndicho kipimo cha safari. Usijiulize, Nimekwenda mbali kiasi gani? Jiulize, Wa nyumbani mwangu wamepokea nini niliporudi?