Kipya Kinyemi, Kingawa Kidonda

Methali hii ina maneno manne tu, na yote manne huanza kwa ki, hata kipya na kidonda vikasikika kama ndugu wa tumbo moja. Nyemi ni furaha, ile raha inayouchangamsha moyo. Kingawa ni kijapokuwa. Aghalabu husemwa kwa kumtania mtu aliyepata nguo au chombo kipya akawa hakiachi mkononi, lakini mimi naona mahali pake hasa ni pale ambapo watu huona haya kupataja, yaani katika mahaba ya nje ya ndoa, na katika yale yanayosalia moyoni baada ya mahaba hayo kukatika.

Nalimjua bwana mmoja wa makamo, sasa ni marehemu, aliyeachana na hawara yake kwa hiari, bila ya kufumaniwa wala kushurutishwa. Miezi mingi baadaye tulikuwa tumeketi barazani baada ya sala ya magharibi, akapita mwanamke aliyejifukiza udi, na yule bwana akanyamaza katikati ya neno, kikombe cha kahawa kimesita karibu na mdomo, mpaka harufu ile ilipopotelea uchochoroni. Aliyepita hakuwa yule wake. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Ndugu yangu, mimi nimekwisha acha, mbona moyo haujaacha?"

Wahenga hawakusema kwamba kidonda ni kitamu. Walisema kwamba upya wake ndio wenye utamu. Alichokitamani bwana yule, kwa itikadi yangu, hakikuwa mwanamke tu, bali nafsi yake mwenyewe ya siku zile, alipokuwa akitazamwa na macho yasiyojua madeni yake wala maradhi ya wanawe, ilhali mkewe, aliyeyajua yote hayo na akayastahimili, hakuwa na namna ya kuwa mpya. Kwa hiyo hamu inayosalia si ushahidi kwamba penzi lile lilikuwa la kweli kuliko ndoa, wala si ushahidi kwamba toba ya mtu ni ya uongo. Kidonda kinapoanza kufunga huwasha, na mwenye kukikuna huona raha kitambo kidogo, halafu akaona kigaga kimebanduka na damu inachuruzika; ndivyo alivyo mtu apitaye makusudi mtaa ule ule, au aisomaye tena barua aliyopaswa kuichoma.

Fauka ya hayo, huzuni hii haina mahali pa kukaa. Mjane ana eda yake ya miezi minne na siku kumi, na mwenye kupewa talaka naye ana yake, na watu huja kuwapa pole. Aliyeachana na hawara hana eda wala matanga. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 humpa aliyetendewa ugoni haki ya kumdai fidia yule aliyezini na mwenziwe, lakini fidia hiyo haiwezi kuing'oa hamu kwa mmoja, wala uchungu kwa mwingine.

Nami sitaki msomaji adhani kwamba namwonea huruma mkosaji nikamsahau aliyekosewa. Mke aliyesalitiwa, au mume, naye ana kidonda kipya, tena kisicho na nyemi hata chembe, naye hukikuna kila usiku kwa kuuliza yale yale: mlikutana wapi, alivaa nini, alikuita jina gani? Kwa huyu methali imenyamaza, na hapo naiona imepungukiwa.

Bwana yule sikuwa na jawabu la kumpa. Nilimsindikiza tu hadi kwake. Mlango ulikuwa haujafungwa, na chakula chake kimefunikwa kwa kawa. Nawe ukiletewa siri ya namna hii na nduguyo, usimcheke wala usiieneze. Msikilize hata amalize, kisha mfikishe mlangoni kwake.