Je, Ni Dhambi Kuweka Mfumo wa Mac Kwenye Kompyuta ya Mtumba?



Kijana mwenzangu, leo tuongee jambo ambalo ni nadra kulisikia kwenye mahubiri ya Jumapili, ila linagusa dhamiri ya vijana wengi wanaoshika kompyuta.

Tuseme unaishi Kintinku, wilayani Manyoni, kule kwenye Bonde la Ufa ambako reli ya kati inapita ikitoka Dodoma kwenda Tabora. Umevuna alizeti, umeuza, umenunua kompyuta mpakato ya mtumba. Ni Dell Latitude au HP EliteBook, zile zilizotumika maofisini ughaibuni kisha zikaletwa kwetu. Mashine bado ina nguvu. Unafundisha kwaya ya vijana, na mnataka kurekodi nyimbo zenu na kutengeneza video. Ukifungua YouTube unaona watayarishaji wengi wako kwenye Mac, wanatumia Logic Pro na Final Cut Pro. Mac mpya kwako ni ndoto. Halafu rafiki anakuambia: "Kaka, unahangaika nini? Hiyo hiyo PC yako inapigwa Mac, tena bure."

Je, uipige? Kuna dhambi hapo?

Kwanza tuelewe kinachofanyika

Mwaka 2006 Apple walianza kuuza Mac zenye prosesa za Intel, prosesa za familia ileile iliyomo kwenye PC nyingi za kawaida. Hapo wajuzi wakaona kwamba mfumo endeshi wa Mac unaweza kuwaka hata kwenye PC, na mashine ya namna hiyo ikaitwa Hackintosh. Siku hizi wengi wanatumia programu ndogo ya kuwashia inayoitwa OpenCore.

Sasa sikiliza vizuri. Mfumo wa Mac ukiwaka unataka kujua uko kwenye mashine gani. OpenCore inaujibu kwa niaba ya PC yako kwamba hii ni iMac ya aina fulani na namba yake ni hii hapa. Hiyo namba imetungwa. Ndani ya Mac halisi ya Intel kuna kifaa kidogo ambacho PC haina, kwa hiyo inawekwa programu ya kukiigiza. Na ndani ya mfumo wenyewe Apple waliweka faili la kulinda mlango huo, wakalipa jina "Dont Steal Mac OS X". Maana yake, usiibe Mac OS X. Yaani amri ya saba imo mle ndani, imefanywa jina la faili!

Tena kabla hujamaliza kuweka mfumo, unatokea ukurasa wa leseni. Sharti mojawapo ni kwamba mfumo huu uwekwe kwenye kompyuta za Apple tu. Chini yake kuna kitufe cha kukubali. Unakibonyeza, safari inaendelea.

Hoja tatu tunazozisikia

Ya kwanza: "Si ni bure?" Ni kweli, tangu toleo la Mavericks la mwaka 2013 Apple hawatozi hela kwa mfumo huu. Lakini kitu kuwa bure hakumaanishi kwamba hakina masharti. Jirani akikuazima jembe bure ulimie shamba lako, halafu wewe ukalikodisha kwa mtu mwingine, huwezi kujitetea kwamba hukulipia. Halafu angalia, Logic Pro na Final Cut Pro zenyewe zinauzwa. Ukishapiga Mac kwenye PC, hatua inayofuata kwa wengi ni kutafuta programu zilizokrekiwa. Uongo wa kwanza unamwita mdogo wake.

Ya pili: "Apple ni matajiri, wataumia nini?" Kanisa letu halipuuzi kilio cha mnyonge. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2408, inafundisha kwamba si wizi mtu akiwa kwenye shida ya haraka na iliyo wazi, na njia pekee ya kupata mahitaji ya lazima kama chakula, malazi au mavazi ni kutumia mali ya mwingine. Hayo ni mafundisho mazito, na msingi wake ni kwamba Mungu aliumba mali za dunia kwa ajili ya watu wote. Lakini tuwe wakweli. Kwaya isiyo na Logic Pro haifi njaa. Utajiri wa mtu hautupi sisi ruhusa. Vinginevyo kila mwenye duka pale kituoni angekuwa halali yetu.

Ya tatu ndiyo yenye nguvu: "Kompyuta ni mali yangu, nimeilipia, kwa nini mtu wa California anipangie niweke nini?" Hapa usikimbie haraka kuhukumu. Katekisimu namba 2410 inasema ahadi na mikataba itimizwe, ila kwa kadiri masharti yake yalivyo ya haki. Basi swali ni hili: je, sharti la Apple ni la haki? Wapo watu wenye nia njema wanaosema hapana. Wanaona ni kama muuza mbegu anayekulazimisha upandie kwa jembe lake tu. Binafsi naona sharti linaweza kuwa la choyo bila kuwa dhuluma. Lingekuwa dhuluma kama usingekuwa na mlango mwingine wa kutokea. Mlango upo, na tutaufikia.

Mahakama nazo zimewahi kuulizwa. Mwaka 2008 kampuni ya Marekani iitwayo Psystar ilianza kuuza PC zilizowekwa mfumo wa Mac. Apple wakashtaki. Psystar walijitetea kwamba nakala walizozitumia walizinunua kihalali. Mwaka 2009 mahakama ikawapa Apple ushindi, na mwaka 2011 mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo kuhusu leseni hiyo. Hapa kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda maandishi mengine. Hata hivyo mahakama haimalizi kazi ya dhamiri. Kuna mambo hakuna polisi atakayekuja kukuuliza Kintinku, ila Mungu yupo.

Shida iko kwenye neno lako

Mimi naona tunakosea tunapopima jambo hili kwa hasara ya Apple. Apple hawatajua. Tulipime kwa upande wako. Wewe umebonyeza "nakubali" huku moyoni unajua hukubali. Kisha umeifundisha mashine yako itoe jina na namba ambavyo si vyake. Hakuna aliyelia, hakuna kilichopungua kwenye ghala la mtu. Lakini neno lako limetumika kama funguo bandia.

Bwana Yesu alifundisha kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Hakusema tu tunapoongea na padre au na hakimu. Sisi vijana wa leo tunasema "nakubali" mara nyingi kuliko babu zetu. Tunafungua akaunti, tunakubali. Tunakopa kwa simu, tunakubali. Tunaweka programu, tunakubali. Kidole kinazoea kusema ndiyo ambayo moyo haukuisema. Halafu siku moja utasimama mbele ya altare uulizwe kama unamkubali huyu katika raha na taabu, au uitwe jina lako kwenye daraja takatifu au nadhiri za utawa. Unadhani moyo uliozoea ndiyo nyepesi utapata wapi ghafla ndiyo nzito? Mambo madogo ndiyo shule ya mambo makubwa. Aliye mwaminifu katika lililo dogo ndiye Bwana anayemkabidhi lililo kubwa.

Usijitese pia

Nisieleweke vibaya. Sisemi kijana aliyejaribu Hackintosh chumbani kwake ili ajifunze yuko sawa na aliyeiba mbuzi wa mjane. Dhambi zina uzito tofauti, na dhamiri yenye wasiwasi kupita kiasi nayo ni ugonjwa. Kama jambo hili linakusumbua, lipeleke kwenye kitubio, ongea na padre wako kwa utulivu.

Ila fundi anayepiga Mac kwenye PC ya mtumba, akabandika nembo ya tufaha na kumuuzia mtu kama Mac, huyo anadanganya na kuiba waziwazi. Aliyedhulumiwa hapo si tajiri wa mbali. Ni ndugu yetu aliyedunduliza hela zake.

Na tutofautishe na jambo linalofanana nalo. Kuna Mac halisi za zamani ambazo Apple wameacha kuzipa matoleo mapya. Programu iitwayo OpenCore Legacy Patcher huziwezesha nyingi kati ya hizo kupokea mfumo mpya zaidi. Mashine hiyo ni ya Apple kweli, kwa hiyo lile sharti la leseni halivunjwi. Papa Fransisko katika Laudato Si' ya mwaka 2015 alilaumu utamaduni wa kutupatupa vitu. Kuipa mashine ya mtumba maisha mapya ni tendo jema. Kinachogombaniwa hapa ni jina la uongo, mtumba hauna kosa.

Mlango mwingine upo

Ile Dell yako inaweza kuwekwa Linux, kwa mfano Ubuntu, iliyoanza mwaka 2004 ikachukua jina lake kutoka lugha zetu za Kibantu, neno la utu. Leseni yake inakuruhusu kuinakili, kumpa jirani, hata kuifungua ndani na kuibadilisha. Nota za kwaya utaandika kwa MuseScore. Kurekodi sauti kuna Audacity na Ardour. Video utazikata kwa Kdenlive. Nyimbo zako ukizikamilisha unaweza kuziweka Swahili Music Notes, mahali ambapo walimu wa kwaya wengi wa Tanzania hushirikishana nota. Hapo "nakubali" yako ni ya kweli, na unaweza kuwafundisha vijana wengine bila kunong'ona.

Busara nayo inasema hivyohivyo. Mfumo wa Mac una gigabaiti zaidi ya 10. Fikiria bando lako! Na Apple wametangaza kwamba toleo la Tahoe la mwaka 2025 ndilo la mwisho kwa Mac za Intel. Njia ya Hackintosh inaelekea kufungwa. Kwa nini ujenge huduma yako juu ya mchanga?

Mtazame Mtakatifu Carlo Acutis, kijana aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, akatangazwa mtakatifu na Papa Leo XIV tarehe 7 Septemba 2025. Alipenda kompyuta kama wewe, akatumia ujuzi wake kueneza habari za miujiza ya Ekaristi. Utakatifu wake haukutokana na aina ya kompyuta. Kile alichokuwa nacho alikitumia kwa moyo usiogawanyika.

Basi wiki hii jiwekee zoezi dogo. Kila kitufe cha "nakubali" kitakapotokea mbele yako, simama kidogo ujiulize: kweli nakubali? Kama jibu ni hapana, ondoa kidole.

Tusali: Ee Bwana Yesu, Wewe ndiwe Njia, Ukweli na Uzima. Utufundishe kuridhika na vyombo tulivyo navyo na kuvitumia kwa utukufu wako. Uyalinde maneno yetu, makubwa na madogo, ili siku utakapotuita tuwe na ndiyo ya kukupa. Amina.

Mtakatifu Carlo Acutis, utuombee.