Kijana Mwislamu na Amana Yake

Nilipokuwa likizoni nyumbani, mbali na chuo cha dini ninakofundisha ugenini, niliswali Magharibi katika msikiti mmoja mjini Dodoma. Baada ya swala kijana mmoja alinifuata barazani, akaniamkia kwa adabu, kisha akasema: "Sheikh, nina swali. Chuoni tulifundishwa kwamba asiyejiamini hafiki popote. Msikitini tunafundishwa kwamba binadamu si kitu, na nguvu zote ni za Mwenyezi Mungu. Nimemaliza shahada yangu, na huu ni mwaka wa tatu sina kazi. Nikiingia katika usaili natetemeka hata sauti hainitoki. Je, nijiamini mwenyewe au nimtegemee Mungu? Maana naona yote mawili yamenishinda."

Nilimwambia maneno machache ya subira, tukaagana. Lakini nilipokuwa njiani kurudi nilipofikia, moyo wangu ulinisuta. Nilijua kuwa sikumjibu, ila nilimtuliza tu, kama mtu ampaye mwenye njaa kikombe cha maji. Makala hii ni jibu ambalo nilikuwa nikidaiwa.

Ndugu msomaji, swali hilo si la kijana mmoja. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu ya nchi yetu mwaka 1973. Mwaka 2007 kilianzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma, mwaka 2016 Serikali ikaanza kuhamia kwa kasi, mwaka 2018 mji ukatangazwa kuwa Jiji, na mwaka 2024 treni ya umeme kutoka Dar es Salaam ikaanza kubeba abiria hadi huko. Majumba yanainuka mahali palipokuwa na vichaka vya miiba. Lakini kijana mwenye bahasha ya vyeti mkononi hupita chini ya majumba hayo, na kadiri yanavyokwenda juu ndivyo yeye anavyojiona mdogo.

Kijana Mwislamu ana mzigo wa pili juu ya huo. Wakati wa ukoloni shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni za Kikristo, na wazazi wengi Waislamu waliogopa kuwapeleka watoto wao huko wasije wakabadilishwa dini. Hofu hiyo ilikuwa na sababu, lakini gharama yake ilikuwa kubwa. Baada ya uhuru Serikali ilizitaifisha shule nyingi za misheni, na milango ikafunguka zaidi. Hata hivyo hofu haitaifishwi. Imebaki katika nyumba zetu kama moshi uliobaki darini baada ya moto kuzimika, na mjukuu aliyezaliwa juzi anaivuta bila kujua ilikotoka. Akifika penye meza ya wakubwa, nafsi yake humwambia: hapa si pako.

Basi tulitazame swali lenyewe. Je, kujiamini na kumtegemea Mungu ni mambo mawili yanayopingana?

Lugha yetu ya Kiswahili imetuwekea jibu mlangoni nasi tunaliruka kila siku. Imani, amani, amana, mwaminifu, kuaminika, kujiamini: maneno yote haya yametoka katika shina moja la Kiarabu. Haiwezekani matawi ya shina moja yawe na matunda ya kupigana. Imani ni uhusiano wa mja na Mola wake, na amana ni kitu kilichowekwa mikononi mwake. Anayeichunga huaminika kwa watu, na mwenye kuaminika huingiwa na utulivu ndani ya nafsi yake. Utulivu huo ndio kujiamini kwa kweli. Kwa hiyo kujiamini ni tawi la mwisho la mti, wala si mzizi. Kosa la mafundisho mengi ya siku hizi ni kumtaka kijana aanze na tawi la mwisho.

Kurani Tukufu katika Sura Al-Ahzab inatufahamisha kwamba amana ilidhihirishwa mbele ya mbingu na ardhi na milima, vyote vikaogopa kuibeba, na mwanadamu ndiye aliyeibeba. Aijuaye Dodoma anaijua ile vilima ya mawe iliyouzunguka mji, imesimama pale tangu kabla ya babu wa babu zetu, haitikiswi na upepo wala jua. Zingatia basi, ewe kijana: mzigo ulioiogopesha milima kama hiyo umewekwa juu ya mabega yako. Utasemaje kuwa wewe si kitu?

Yatupasa hapa kutenga mambo mawili yanayofanana kwa sura. Kibri ni kujiona kuwa wewe ndiwe chanzo cha ulicho nacho. Ndivyo alivyofanya Karuni alipodai kuwa mali yake aliipata kwa elimu yake mwenyewe. Lakini unyonge nao si unyenyekevu. Mtu akipewa na Mola wake akili, afya na elimu, kisha akaketi na kusema "mimi siwezi lolote", huyo hajamtukuza Mungu, bali ameidharau zawadi mbele ya Mtoaji. Karuni alimsahau aliyempa. Mnyonge amekisahau alichopewa. Wote wawili wameikana amana, kila mmoja kwa upande wake.

Kujiamini kusiko na amana wala elimu nako kumekwisha kupimwa hapa hapa katika nchi ya Ugogo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha huko Kongwa mradi mkubwa wa karanga, kwa kuwa kwao kulikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia baada ya Vita Kuu ya Pili. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika sehemu mbalimbali za Tanganyika. Walileta matrekta, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa vya kung'olea miti. Hawakukosa fedha, na kujiamini walikuwa nako tele. Lakini udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama saruji, mibuyu haikukubali kung'oka kwa urahisi, vyuma vikalika, na mvua haikunyesha kwa kufuata mipango iliyoandikwa London. Mwaka 1951 mradi uliachwa, baada ya kupotea zaidi ya paundi milioni 30.

Pembeni ya mashamba hayo aliishi mkulima wa Kigogo mwenye jembe la mkono. Yeye alijua kuwa mvua ya nchi yake ni ya msimu mmoja na si ya kutegemewa, na takribani milimita 500 hadi 600 ndizo ajaliwazo kwa mwaka. Kwa hiyo alipanda mtama na uwele, mazao yanayovumilia ukame, kisha akainua macho mbinguni. Huyo alimtegemea Mungu baada ya kufanya alilolijua. Naye Mtume Mtukufu s.a.w. alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake huru na kumtegemea Mungu, alimfundisha kumfunga kwanza, kisha ategemee. Tegemeo lisilo na kamba ni uvivu, na kamba isiyo na tegemeo ni kibri cha Kongwa.

Mfano ulio mkamilifu zaidi tunaupata kwa Nabii Yusufu a.s. Alitupwa kisimani na ndugu zake, akauzwa, akasingiziwa, akafungwa kwa miaka kadhaa. Kama yuko kijana aliyekuwa na haki ya kusema "hapa si pako, Yusufu", ndiye huyo, mgeni na mfungwa katika nchi ya watu. Lakini alipoletwa mbele ya mfalme hakutetemeka. Aliomba awekwe juu ya hazina za nchi, akataja sababu mbili: kwamba yeye ni mtunzaji, na kwamba yeye ni mjuzi. Hakutaja kabila lake wala hakulalamika juu ya dhuluma aliyofanyiwa. Alitaja uaminifu na elimu. Wala hakuvipata siku ile. Alivipata katika nyumba ya bwana wake, alipoikataa hiyana penye mlango uliofungwa, na gerezani, alipowahudumia wafungwa wenzake ambao hawakuwa na cha kumlipa. Na lengo lake lilikuwa nini? Watu wasife njaa. Sisi wa nyanda za kati, ambao wazee wetu walisimulia ile njaa kuu ya mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza iliyoitwa Mtunya, tunaweza kuelewa ukubwa wa lengo hilo kuliko wengi.

Hapa ndipo kijana atakapoliona kusudi la maisha. Kurani Tukufu inafundisha kuwa mwanadamu ameumbwa ili amwabudu Mola wake. Wengi hudhani maana yake ni swala na funga tu, na saa zinazobaki hazina kusudi mpaka barua ya ajira ifike. La hasha! Ghala la Yusufu lilikuwa ibada. Ajira ni njia mojawapo ya kutimiza kusudi, wala si kusudi lenyewe. Aliyekosa ajira amekosa riziki ya namna moja, nayo ni shida ya kweli ambayo haifai kufanyiwa mzaha, lakini hajakosa sababu ya kuishi.

Sasa nije kwa kutetemeka. Kijana yule aliona haya kusema kwamba hutetemeka. Laiti ningelimkumbusha siku ile kwamba mbora wa viumbe naye alitetemeka! Wahyi wa kwanza ulipomshukia Mtume s.a.w. pangoni Hira, alirudi nyumbani akiomba afunikwe nguo. Na Bibi Khadija r.a. alimtulizaje? Hakumwambia "jiamini". Alimhesabia matendo yake: kwamba anaunga udugu, anawabebea mizigo wasiojiweza, anawakirimu wageni, anawasaidia waliopatwa na misiba, basi Mungu hatamfedhehesha mtu kama huyo. Tazama hekima ya mama huyo! Alimpa ushahidi mahali ambapo sisi hutoa sifa. Na ushahidi huo ulikuwapo kwa sababu miaka mingi kabla ya hapo watu wa Makka walikuwa wamekwisha kumwita Al-Amin, yaani Mwaminifu. Jina hilo hakujipa. Alipewa na waliomwekea mali zao.

Katika nchi yetu wenyewe tunao mfano wa karibu. Vijana wengi hulijua jina la Sheikh Kaluta Amri Abedi kwa uwanja wa mpira wa Arusha, na pengine hawajui zaidi. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, akawa mubalighi wa Ahmadiyya, akashiriki katika kazi ya tafsiri ya Kurani Tukufu kwa Kiswahili iliyochapishwa Nairobi mwaka 1953, na mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Mwaka 1960 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, na mwaka 1963 akawa Waziri wa Sheria. Alifariki mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 40 tu. Kabla ya kukabidhiwa mji na wizara, alikwisha kukesha na maneno, moja baada ya moja, katika kazi isiyo na makofi.

Hata hivyo nitakuwa nimemdhulumu kijana nikimwachia mzigo wote. Sisi wazee tunayo sehemu yetu. Mtu hawezi kuwa mwaminifu kwa amana ambayo hakupewa. Katika misikiti mingi kijana hupewa kazi ya kupanga viatu na kutandika mikeka mpaka anaota mvi, na funguo za sanduku haziguswi ila na wazee. Kisha twalalamika kuwa vijana hawajiamini. Mtume s.a.w. katika siku zake za mwisho alimkabidhi jeshi Usama bin Zaid, kijana ambaye hajapita miaka 20 au karibu na hapo, na ndani ya jeshi hilo walikuwamo masahaba wakubwa. Watu walinung'unika, lakini Mtume s.a.w. hakubadilisha uamuzi wake. Je, sisi tunaogopa nini? Mpe kijana daftari la hesabu za msikiti. Mpe binti darasa la watoto alisimamie yeye mwenyewe. Akikosea, mrekebishe faraghani. Akifanya vema, mpe amana kubwa zaidi.

Nawe kijana uliyeniuliza barazani, kama makala hii itakufikia, jibu langu ni hili. Usijiulize kama unajiamini. Jiulize ni amana gani iliyo mikononi mwako leo, hata iwe ndogo kama punje ya uwele: ahadi uliyompa mama yako, deni la jirani, elimu uliyonayo ambayo mtoto wa mtaani mwako anaihitaji, saa ya swala, ufundi unaoweza kujifunza wakati ukingojea. Itimize. Kesho timiza nyingine. Siwezi kukuahidi kuwa usaili ujao utapata kazi. Jambo hilo li mikononi mwa Mungu na mikononi mwa watu. Lakini siku hiyo utaingia na ushahidi wa nafsi yako. Huenda mikono ikatetemeka bado, lakini sauti itatoka, kwa sababu utakuwa na la kusema lililo kweli.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu wawe watunzaji na wajuzi, na atupe sisi wazee moyo wa kuwaamini. Amin.